Nahodha wa Kofia Sita

Saa moja na robo asubuhi, Kaliroi Vamvaka anahesabu kofia. Amezima injini ya boti yake ya mbao katikati ya ghuba, na majini haonekani mtu, ni kofia pana za majani tu zinazoelea huku zikipiga soga. Anahesabu tatu. Anahesabu tena, kisha anakunja uso.

"Zilikuwa sita," ananiambia.

Wenye kofia ni wajane wa kijiji cha Perivia, wote wamevuka miaka sabini na mitano. Kwa miaka kumi na tisa Kaliroi, ambaye sasa ana miaka 56, amewaleta kila asubuhi ya kiangazi kwenye ghuba hii isiyo na barabara. Wenyeji tunaiita Sufuria, kwa kuwa ni ya mviringo na maji yake hupata moto mapema.

Kabla Septemba haijaisha, kila mjane lazima awe ameoga baharini mara thelathini. Zikipungua, wanaamini, baridi ikiingia magoti hayatawapa usingizi. Ufukwe wa kijijini upo, ila una viti vya kukodi, muziki na wake za wana wao. Nao wajane hawa huoga na magauni ya kulalia.

Kinachomlisha Kaliroi ni watalii wanane wa mchana, anaowapeleka ghuba nyingine kwa euro kumi na tano kila mmoja. Wajane humlipa mayai, na ushauri ambao hakuuomba.

Tangu mwisho wa Agosti kofia tatu hazijaja, na Kaliroi hamtafuti wa kumlaumu; anajilaumu mwenyewe.

Kila wiki ya kabla ya Pasaka, Perivia hupaka chokaa: ngazi, kuta, mashina ya miti, hata kingo za barabara. Mwaka huu Kaliroi alibakiwa na nusu ndoo. Kwake, kumwaga chokaa isiyoharibika ni dhambi. Basi akaja nayo Sufuria akaupaka mwamba wa mlangoni, ule wa kijivu uliokuwa ukiificha ghuba hii.

"Nilirudi nyuma na boti kuutazama, nikajisifu," anasema. "Nikasema, sasa nyumba ina mlango. Sikukumbuka kwamba mlango kila mtu anauona."

Miezi minne ilipita salama. Kisha boti kubwa ya watalii, yenye abiria 120, ikauona weupe ule na kuingia na muziki wake. Bibi Evdokia, mwenye miaka 81, alijificha nyuma ya jiwe dakika hamsini, gauni likimgandia mwilini, simu za watu zikiwa juu. Alikuwa amefikisha mara kumi na moja tu, maana Julai nzima alilea wajukuu. Hakurudi tena, na wenzake wawili wakabaki naye kijijini.

Kaliroi alisugua mwamba kwa brashi ya chuma, akamwagia siki, lakini chokaa ilikwisha kuuingia. Kwenye mkahawa wa bandarini wanaume walimcheka mpaka wakachoka. Mmoja akamshauri aupake rangi ya mafuta ya kijivu. Alikataa: wajane hushika mwamba huo wakipanda, na rangi huteleza.

Hapo ndipo mwanamke huyu alipotufunga midomo sote. Alikoroga chokaa mpya, na kwa siku nne akapaka miamba kumi na minne ya pwani hii, kila mmoja mbele ya kijighuba chenye mwani uliooza tu. Harufu yake sisi wenyeji tunaijua.

Asubuhi hii mngurumo wa injini unasikika. Soga zinakatika. Kofia tatu zinajibana nyuma ya boti ya Kaliroi, naye anasimama wima, mikono kiunoni.

Nahodha wa boti kubwa ni wa kukodiwa kwa msimu, na alama aliyoishika ni moja: jiwe jeupe. Boti inapunguza mwendo kwenye jiwe la jirani, inaingiza pua, inarudi nyuma haraka. Kisha inatupita na kwenda zake.

"Mwanangu," inasema kofia iliyo karibu, "hii bahari umeipaka yote."

Kaliroi anacheka mpaka anaketi. Pasaka ijayo, anasema, atapaka tena yote kumi na minne. Chokaa ya mwamba wa Sufuria ataiachia mawimbi ya majira ya baridi yaile taratibu.

Tunaporudi, Bibi Evdokia ameketi gatini, mfuko mapajani, kofia kichwani. Anauliza kama wale watu wameingia. Anaambiwa hawakuingia.

"Mimi nimebakiza kumi na tisa," anasema, bila kumtazama mtu. "Na Septemba imebakiza siku kumi na nne."

Kaliroi hajafunga hata kamba. Anamnyooshea mkono apande.

"Panda, mama. Mwaka huu Septemba itaisha siku nitakayosema mimi."