Gitaa Chini ya Jina la Mwingine

Katika bendi yetu ya Mbeya, gitaa la solo lilipoanza kulia katikati ya wimbo, mwimbaji alimwita mpigaji kwa jina. Ndivyo nilivyokuta, na ndivyo ilivyorekodiwa kwenye santuri. Taabu ni kwamba wapigaji walikuwa wakihama, jina linabaki.

Nilijiunga nimemaliza darasa la saba, nina ndoto nyingi kuliko mashati. Kati ya waliorekodi nyimbo za kwanza walikuwa wamebaki Kiongozi na mpiga ngoma tu. Wa safari ya pili ya kurekodi, nusu yao walishachukuliwa na bendi za Dar, akiwemo mpiga solo ambaye wimbo wake redio haikuchoka kuupiga. Mahali pake tukapata kijana mpole kutoka Makongolosi, alikokuwa akiwapigia wachimba dhahabu. Vidole vyake, jamani! Siku ya kwanza niliacha kuimba nikabaki namtazama, mpaka Kiongozi akaniuliza kama nimelipa kiingilio.

Lakini kila dansi, ule wimbo ukifika penye solo, nilimwita aliyeondoka. Kiongozi ndivyo alivyotaka.

"Watu wamekuja na wimbo wao wa redioni," alisema. "Usiwaharibie."

Basi ukumbi mzima ulilipokea jina lile kwa kelele, na kijana wetu ameinamisha kichwa, anapiga. Polepole solo yake ikawa fupi. Halafu akaanza kuipiga vilevile kama ya kwenye santuri, mlio kwa mlio, mtu aliyekuwa na yake mwenyewe. Nikaona tunamzima hivihivi.

Jumapili moja mchana tulipiga Iringa. Penye solo nikamwita yeye, jina lake hasa. Watu wakapoa kidogo, kisha mama mmoja aliyekuwa akicheza mbele akacheka.

"We kijana, umemsahau mwenzako? Au huyo mmemng'oa kwenye viazi huko kwenu?"

Wakaangua kicheko, wakaliita jina la yule wa zamani mpaka wimbo ukaisha. Kijana alikosea nyuzi mara mbili. Nilikuwa sijawahi kumsikia akikosea.

Kesho yake, njiani kurudi Mbeya, tulisimama Nyololo kunywa chai. Nikakaa karibu naye.

"Kaka, tukienda kurekodi, wimbo mpya ni wako. Nitakuita humo. Nchi nzima itakujua."

Niliamini jina hilo ndilo litakalomfanya abaki.

"Kiongozi hataki majina tena kwenye nyimbo mpya," akasema. "Anasema watu wakihama yanamtesa."

"Pale redioni tunapiga mara moja. Nikishaita, nani atalitoa?"

Akakoroga chai yake, akaendelea kukoroga.

"Usiniite."

"Kwa nini, kaka?"

"Mimi sitakaa, mdogo wangu. Atakuja mwingine. Unataka naye apigie chini ya jina langu?"

Nilimbembeleza hadi Mbeya. Akawa anacheka tu, ananiambia nilale.

Siku ya kurekodi, solo ilipofika nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nikamtazama. Akatikisa kichwa huku anapiga, na alipiga yake, ile ya Makongolosi, ndefu, bila haraka. Nikaimeza pumzi yangu.

Kabla mvua hazijaisha alivuka mpaka kwenda Zambia, kwenye bendi iliyomwahidi gitaa lake mwenyewe. Akaja mpigaji kutoka Njombe, mcheshi. Wimbo ule mpya ukifika penye solo watu walicheza tu, naye akapiga alivyopenda. Nilimfurahia. Ila nilikuwa nageuka nyuma kufunga kamba za viatu, nisionekane uso.

Siku moja redio iliupiga nyumbani. Nikamwambia mama asikilize hapo kwenye gitaa. Akaweka mwiko chini, akasikiliza.

"Anajua huyu," akasema. "Bado mko naye?"

Nikamwambia hapana, mama, aliondoka.