Suruali Zilizovuka Ziwa

Vitabu vyangu ni vitatu, na vyote vinahusu mambo ya nchi za nje. Najua kizuri chajiuza, lakini mimi subira hiyo sina, kwa hivyo najitangaza mwenyewe. Wasomi wakinikuta hapa Kisumu huniuliza nilisomea wapi siasa za kimataifa, na wengine hunitajia vyuo vya Ulaya nijichagulie. Nawaambia ukweli: nilisomea Port Victoria, bandari ndogo ya ziwa yenye harufu ya samaki, na niliingia huko kwa kosa la neno moja.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa ripota wa gazeti la Kiswahili la Nairobi. Ofisi yetu ya Kisumu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa: meza mbili, taipureta moja, simu moja. Mwenzangu alijichukulia siasa na mpira, vitu vitamu vyote. Mimi nikabakiwa na mafuriko ya Ahero. Maji yakikauka, nami nimekauka.

Siku moja mhariri akapiga simu kutoka Nairobi. Alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili chake kitamu hata akikutukana. Akaniambia aliyekuwa akiandika ukurasa wa habari za ng'ambo ameacha kazi ghafla. "Redio nzuri unayo, Kiingereza wakijua. Niletee ng'ambo, ukurasa mzima, Alhamisi." Nilitaka kupiga vigelegele papo hapo.

Kumbe kwake yeye ng'ambo ni Ulaya na Marekani: nisikilize redio za kigeni, nitafsiri, nitume. Lakini sisi watu wa ziwa tuna neno letu, loka, yaani upande wa pili wa maji, na mwalimu wangu wa darasa la tatu alitufundisha kwamba loka kwa Kiswahili ni ng'ambo. Shangazi yangu ameolewa loka. Sukari ikiadimika huku, hutafutwa loka. Sasa redio ya nini? Nikafunga mfuko nikapanda basi la Port Victoria.

Nilikaa huko siku tatu na kina mama waliokuwa wakivuka kwa boti kwenda nchi jirani kuleta samaki wakavu. Walikwenda na magunia ya mitumba ya kubadilishana, na nilipochungulia nikaona ni suruali tupu.

"Mama, mbona suruali peke yake?" nikamwuliza mmoja, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. "Kwani huko hakuna wanawake?"

Wakacheka wote. "Nyathina," akaniambia, ndiyo kusema mwanangu, "wateja ni askari. Zamani walikuwa wananyang'anya sisi samaki. Siku hizi wanaleta wenyewe, wanachukua suruali, wanasema asante mama." Akashusha sauti. "Askari akitafuta nguo ya raia, huyo mguu moja iko kwao tayari. Hiyo serikali inaanguka."

Nikaandika hivyo hivyo, kwamba jeshi la jirani linatafuta suruali na serikali yake inaanguka. Bahasha nikampa kondakta wa basi la Nairobi. Ilifika imechelewa, ukurasa uko wazi, mitambo inangoja, ikachapwa mhariri hajaisoma. Kesho yake simu ikalia.

"Bibi we, umerogwa? Nimekuomba ng'ambo, waniletea wachuuzi wa samaki!"

"Lakini Mzee, hiyo ndiyo ng'ambo. Ukisimama ufuoni unaiona."

"Kumbe hata Kiswahili hukijui," akasema. "Wakubwa wananiuliza ni porojo gani hii. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Serikali hiyo ikiwa bado imesimama, utafunga vitu vyako."

Iliniuma, tena sana. Mwenzangu naye akaanza kuniita Waziri wa Suruali. Nikamwambia acheke vizuri, meno ni yake. Lakini kila asubuhi nilifungua redio, na kila asubuhi mabingwa wa vyuo vikubwa walisema serikali ile ni imara na jeshi lake lina nidhamu. Niliogopa, sitaficha. Ningepoteza kazi ningerudi Sondu kuuza ndizi na mama yangu. Kuuza ndizi si aibu, ndizo zilizonisomesha, lakini nilikuwa nimeshaona jina langu juu ya ukurasa mzima, na nililitaka pale pale.

Wiki moja kabla ya mwezi kwisha nikarudi Port Victoria. Yule mama aliniona kwa mbali akaanza kucheka.

"Suruali imeisha!" akapaza sauti. "Juzi askari moja amechukua kaptura ya shule ya kijana yangu. Imekataa kufunga vifungo, ameenda nayo hivyo hivyo!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaketi juu ya gunia nikaandika. Liwalo na liwe. Wakaichapa chini kabisa ya ukurasa, herufi ndogo. Sijui nani alinionea huruma. Kaptura hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kitabu changu cha kwanza. Miaka ya tisini mchapishaji alitaka kuifuta, eti haina heshima ya kitabu cha siasa, nikamwambia aanze kwa kufuta jina langu. Leo wanafunzi wa chuo kikuu wanaulizwa maswali juu yake kwenye mtihani.

Siku nne baada ya kaptura kuchapwa gazetini, tukinywa chai ofisini, redio zile zile zikasema serikali imeanguka. Askari walikuwa wametoroka kambini, sare zimetapakaa barabarani, na wenyewe hawaonekani. Nilipiga ukelele hadi mwenye duka la chini akapanda ngazi mbio, anahema.

"Nani amekufa?"

"Hakuna! Ni serikali tu!"

Mwenzangu alisogeza sahani yake ya mandazi mpaka upande wangu wa meza, nami nikayala yote.

Simu ikalia. Nilijua ni nani, nikaiacha ilie kwanza.

"Bibi," mhariri akaanza, kisha akakohoa. "Mama." Hakuwahi kuniita hivyo. Nikamwacha asumbuke kidogo. "Hao... hao kina mama wako wa samaki. Hii serikali mpya wanaionaje? Itadumu?"

Machozi yalinitoka, ya furaha. Nikamwambia asubiri asome Alhamisi kama watu wengine, mimi nina basi la kuwahi, nikamkatia simu.