Usiizime Kabla Hujasikia Mvua Iko Wapi

Siku tuliyoenda kwetu Kitui kwa miguu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, kwa hivyo keti kwanza. Mkoba wako umeshafunga, nimeuona. Nimeona pia umeitoa ile redio ndogo niliyokuwekea, ukairudisha kabatini ukidhani mimi Susu, nyanya yako, sina macho. Eti simu itakuambia kila kitu. Haya! Wewe na wenzako mnataka kutembea kutoka hapa Kathonzweni mpaka Kitui, mlale kwa hema, mpike porini, na hakuna anayewafukuza. Sisi tulitembea kwa kukosa gari, nyinyi mnatembea kwa raha zenu. Sijakataa. Lakini nisikilize.

Baba yako alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi na babu yako tulikuwa tunampeleka kwa mama yangu amwone, na mama mkwe wangu akasema mjukuu wake haendi mbali hivyo bila yeye. Mama huyo alitembea na redio ndani ya kiondo siku zote. Mawe ya redio, yaani betri, yakiisha nguvu, aliyaanika juani kama mahindi, halafu akayarudisha. Tulimcheka sana. Sisi redio tuliitaka ya salamu na nyimbo tu. Habari zikianza, babu yako anasema, "Mama, zima, unamaliza mawe." Naye hazimi mpaka asikie mvua iko wapi.

Mchana tukafika kwenye mto wa mchanga. Unaijua mito yetu, juu hakuna tone, maji yako chini. Tulikuwa na kiu, na mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Babu yako akashuka kuchimba. Mchanga mkavu huporomoka, kwa hivyo alichimba shimo pana akazama mpaka kifuani. Maji yakaanza kuchuruzika, naye anayateka kwa kikombe, anatia kwenye mtungi.

Mama mkwe alikuwa kivulini nami na mtoto, kule juu ukingoni, redio sikioni. Mara akasimama.

"Imenyesha kubwa huko vilimani mto unakotoka. Mutua, toka!"

Babu yako akacheka. Jua linawaka, na mbinguni hakuna hata wingu la kumfunika kuku. "Mama, mvua itoke wapi? Acha nijaze mtungi, mtoto ana kiu."

 Mama mkwe alinipa redio, akanisukuma nirudi nyuma, juu kabisa. Kisha akashuka mchangani polepole na yale magoti yake mabovu, akaketi kando ya shimo, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

"Jaza tu," akasema. "Ukitoka, tutatoka sote."

Ai, babu yako alikasirika! Alipanda akinung'unika, akamshika mama yake mkono, mtungi wakauacha palepale.  Tukakaa, tukakaa, hakuna kitu. Mtoto analia, na mimi, nakuambia kweli, nilianza kumchukia yule mama moyoni. Babu yako akainuka arudi. Hapo ndipo tukasikia mngurumo, si wa angani, wa chini. Maji mekundu yakaja na magogo, na mbuzi aliyekufa, yakapita juu ya lile shimo. Jua lilikuwa bado linawaka.

Babu yako akaketi chini. Mama yake akamwendea, nikajua sasa atamgombeza. Akamshika masikio yote mawili, mwanamume mwenye ndevu, huku machozi yanamtoka.

"Maji ningeomba boma lolote," akamwambia. "Wewe ningekuomba kwa nani?"

Na maji tulipewa kweli, boma la mbele kidogo, tena na uji wa mtoto.

Kwa hivyo, mwanangu, simu beba, lakini huko mbele mtandao unapotea na moto wa simu, chaji yake, unaisha. Redio nayo ibebe, mawe mapya nitakununulia mimi. Usiizime nyimbo zikiisha. Ngoja wataje mvua, na sikiliza kule mto unakotoka, si hapo uliposimama tu. Wala usipige hema mchangani kwa sababu ni laini, nakujua unavyopenda kulala. Ukisikia imenyesha vilimani, toka, mtungi ujae usijae, wenzako wakuite mwoga, wakichoka watanyamaza. Nakupenda, Kioko, na mimi kuchekwa kwa ajili yako sioni aibu.

Lete kichwa nikushike. Mungu aliyemtoa babu yako shimoni akutangulie njia yote. Akukutanishe na watu wa kukupa maji kabla hujaomba, akurudishe mlangoni hapa miguu imechoka na njaa inakuuma, nikupikie mimi mwenyewe.