Mlima Uliobabuka Jukwaani

Kra-kra-kra. Siku niliyoisikia sauti hiyo, mwanangu, naikumbuka kuliko radi zote za Kitale. Tulikuwa tukipandisha pazia la nyuma ya jukwaa, la opera, yaani mchezo unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mlima Elgon, nilioupaka rangi kwenye pazia hilo kwa wiki tano, ulikuwa ukibabuka na kuwaangukia waimbaji vichwani.

"Mvua ya mawe imeanza, bana!" akacheka mmoja, akijipangusa kipara.

Mimi sikucheka. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, onyesho lilikuwa Jumamosi, na pazia hilo ndilo lililokuwa kazi yangu ya shahada ya uzamili.

Kosa nililijua. Rangi ya pazia huchanganywa na gundi. Mzee Barasa wa Bungoma, aliyechora mabango ya maduka tangu ujana wake na aliyekuja kunisaidia, alichovya kidole katika ndoo yangu kabla hatujaanza kupaka, akakisugua, akasema, "Binti, gundi imezidi. Kitambaa kinywe rangi, kisivae ganda." Nami, msomi, nikamjibu kwamba nimepima kwa gramu. Akakusanya brashi zake, akaenda zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika mlima mzima.

Nikakaa saa mbili nikitafakari nitamwambiaje Mzee. Nianze na salamu, au na samahani? Nikaandika hotuba, nikaifuta, nikaandika nyingine. Laiti ungeniona: mtu mzima anahariri salamu, na mlima unazidi kumwagika!

Mwanangu, kupima ni kwema, nami hadi leo napima. Lakini kidole kilichoishi ndani ya rangi nacho ni kipimo; kiulize kabla hujapaka. Na ukikosea, usiyapambe majuto yako. Yapeleke yakiwa mabichi kwa yule uliyempuuza. Mola akujalie mkono mwepesi, na ulimi usioona haya kuuliza.

Hotuba niliichana, nikapiga simu.

"Mulembe, Mzee," nikamsalimu kwa lugha yake. "Ni mimi. Mlima umebabuka."

Kikalipuka kicheko kilichonifanya niisogeze simu mbali na sikio.

"Ati wote, ama umeniachia kilele?"

"Kilele kiko."

"Basi tafuta maji ya moto, tutailainisha hiyo gundi. Na usiguse brashi mpaka nifike."

"Mzee, umenisamehe?"

"Wewe binti! Si unasikia navaa viatu?"