Kristali ya Maziwa ya Ngamia

Kambi yetu ya Agosti ilikuwa katika hosteli ya kukodi kando ya barabara kuu, Isiolo. Tulikuwa watafiti wachanga, watu wazima wenye shahada, tukilala kwenye vitanda vya dabo deka kama watoto wa bweni. Tulikuja kujifunza kukuza kristali za protini. Unachukua protini uliyoisafisha, unaweka tone lake kwenye trei yenye vishimo, unafunika, unangoja likauke polepole mpaka chembe zake zijipange. Zikijipanga vizuri, mashine ya eksirei itakuonyesha umbo la kitu ambacho jicho halitakiona kamwe. Zisipojipanga, umepata uji.

Wengi walitumia protini ya yai iliyoletwa tayari kwenye chupa, ambayo hata mlevi angeikuza. Mimi nilitaka kutoa yangu kwenye maziwa ya ngamia. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza siku ya kwanza kwamba kristali moja tu ingepelekwa ng'ambo kwenye mashine kubwa, na aliyeikuza angeenda nayo. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Mama yangu huuza maziwa sokoni, yanayoletwa kutoka Korbesa. Mzigo wa kwanza uliniangusha. Vyombo vyetu hufukizwa moshi wa kuni ili maziwa yakae, na moshi ule ulichafua protini yote. Nilipomwomba aniletee katika chombo kisichofukizwa, alinitazama kama niliyemtukana mama yake mzazi.

"Maziwa bila moshi ni ya kupea mbwa," akasema. "Huko kwenu mnafuga mbwa?"

Lakini aliyaleta, chombo amekifunika kwa leso ili wanawake wenzake wasiione aibu hiyo.

Malori ya mbuzi yalitikisa jengo zima, na kristali haipendi kutikiswa. Basi trei zangu nikazilaza kwenye godoro, mimi nikalala kwenye mkeka. Ikaota moja. Moja tu katika matone yote, yenye kingo safi kama zilizokatwa kwa wembe. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, na kijana wa meza ya pili akanicheka.

Mwalimu aliinama kwenye hadubini, akaguna kwa pua. Alisema ni chumvi. Alisema imeota upesi mno, na kwamba huku kwetu hata maji ya bomba ni chumvi, kwa hiyo tusitegemee muujiza. Akutukanaye hakuchagulii tusi, nilimeza. Nikamkumbusha kwamba maji niliyotumia ni yale aliyokuja nayo mwenyewe kutoka Nairobi. Nikamwambia pia kuna ile rangi ya samawati sandukuni mwake: ukiitia kwenye tone, protini huinywa na chumvi huikataa, na kristali hubaki nzima.

"Rangi ni ya waoga," akasema, akininyooshea sindano. "Sindano haidanganyi. Vunja mwenyewe, mama ngamia."

Kuvunja ni desturi ya kazi hii. Chumvi ni ngumu, ukiidunga hupasuka na mpasuko huo huusikia mkononi. Protini ni laini, imejaa maji, hubomoka kimya. Wenzangu walijipanga nyuma yangu, na picha ya hadubini ikawashwa ukutani. Ningekataa, ingebaki chumvi kinywani mwake mpaka kambi iishe, na chumvi haisafirishwi.

Nikadunga. Haikupasuka. Ilibomoka polepole kama mkate uliolowa chai, ikatawanyika pale ukutani, kubwa kama mlango, mbele ya watu wote.

"Hongera," mwalimu akasema. "Ni protini."

Mmoja wetu alinishika bega akanipa methali, eti maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani kummwagia ya moto.

Nafasi alipewa yule kijana wa meza ya pili, aliyefundishwa na mwalimu huyohuyo chuoni. Kristali yake ilikuwa ndefu, ya kung'aa, na haikuguswa kwa rangi wala sindano. Mwalimu alisema nzuri hujulikana kwa macho. Mimi nilikuza tena kwa maziwa yaliyobaki, nikapata uji.

Kambi ilikwisha, nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimekaa na mama kibandani kwake ujumbe ulipoingia kwenye simu. Mashine kubwa ilikuwa imesema kristali ya kijana ni chumvi. Nilicheka, wallahi nilicheka kwa roho mbaya, mpaka nikasoma mbele. Mwalimu, bila haya, alikuwa amewaandikia wanakambi wote kwamba somo ni hili: kila kristali ikaguliwe kabla ya safari. Chini yake aliweka picha ya ukaguzi uliofanywa sawasawa. Ilikuwa yangu, imeshabomoka, ncha ya sindano bado iko juu yake.

Machozi yalinitoka kwa hasira. Mama akachungulia simu, akauliza kama hayo ndiyo maziwa yake. Nikamwambia ndiyo.

Aliitazama picha ile kwa muda.

"Si nilikuambia," akasema. "Bila moshi huwa inaharibika."