Dakika Nne na Redio ya Kijapani

Jumapili simu yangu iliomba ruhusa ya kujisasisha, nikaikubalia bila kusoma, mimi ambaye nimekula mshahara miaka mingi kwa kuwakemea wanafunzi wasiosoma maelekezo. Kesho yake ikaamka na sura mpya, na ndani ya gari ikaanza kisirani. Kioo cha redio kilionyesha kwamba simu na gari vimeunganishwa. Lakini mtu akinipigia, simsikii, wala yeye hanisikii.

Ningeweza kuvumilia, ila baba alikuwa mgonjwa kule juu, mlimani Meru, na kila siku baada ya kazi niliendesha kutoka Kimandolu kwenda kumwona. Mama alizoea kunipigia njiani: lete maziwa, lete dawa, kaza mwendo. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Kwetu mzee akijiona anaondoka, humpa mzaliwa wa kwanza maneno yake, wawili peke yao. Wengine wote hutoka. Mzaliwa wa kwanza hakatizi wala haulizi. Husikiliza mpaka mwisho, na baada ya mazishi huwaeleza ndugu yanayowahusu. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Aliyeyasubiri maneno hayo kuliko wote ni mdogo wangu, ambaye aling'oa mibuni ya baba bila ruhusa ili apande nyanya. Tangu siku ile baba hakusema naye tena.

Siku mbili nilihangaika. Nilizima Bluetooth nikaiwasha. Nilizima simu yenyewe. Niliiamuru isahau gari, kisha nikavitambulisha upya. Gari langu lilikuja kutoka Japani likiwa limetumika, na redio yake haijui lugha nyingine. Kila nikiwasha, mwanamke mwenye sauti ya upole huniambia kitu ambacho mpaka leo sijakielewa. Huenda ananionya.

Jumatano mchana nikaenda Daraja Mbili kwa fundi wa redio za magari, mwanamke aliyevaa ovaroli, akiwa amelala chini ya dashibodi ya mtu mwingine.

"Shikamoo mzee. Umefuta upande wa simu tu, siyo?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Basi ndiyo shida. Simu imesahau, gari halijasahau. Hapo hakuna ndoa. Inabidi kufuta pande zote mbili ndiyo uunganishe upya. Nisubiri nimalize hili na lile pale."

Nikatazama saa. "Nitafuta mwenyewe, dada."

"Menyu si ya Kijapani?"

"Nimesoma chuo kikuu."

"Cha Japani?"

Wateja wawili wakacheka. Nikaondoka kwa hatua za mtu mwenye shughuli nyingi.

Jioni ile, nikiwa nimeshapita Tengeru, nyuma ya lori la mchanga, mama akapiga. Nikapokea. Kimya. Kwenye kioo sekunde zilianza kuhesabika. Nikapaki pembeni nikisema "Mama, mama, subiri," nikijua hanisikii. Niliongeza sauti ya redio hadi mwisho. Nilibonyeza kitufe cha juu, cha chini, chenye picha ya simu, chenye herufi zinazofanana na vibanda vidogo. Yule mwanamke wa redio akazungumza, kwa adabu, kwa nguvu, mpaka muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara akageuka. Dakika ya pili. Nikaogopa kukata, kwa sababu mama hukasirika akikatiwa. Dakika ya tatu nilikuwa nimefungua kitabu cha maelekezo, nacho ni cha Kijapani. Dakika nne na sekunde kadhaa, simu ikakatika.

Ndipo nikazima gari. Kuzima tu, ufunguo ukiwa hapo karibu na goti langu, sauti ingerudi kwenye simu. Wazo hilo halikunijia mpaka hapo. Nikampigia mama, na sauti yake ikaja safi kabisa sikioni.

"Amemaliza," alisema. "Nilimwekea simu kwenye mto nikatoka nje, nikafunga mlango. Aliona hutafika. Sasa amelala. Amefurahi, mwanangu. Ameniambia umemsikiliza vizuri, hukumkatiza hata mara moja."

Nilifika nikamkuta baba hasemi tena. Alifariki kesho yake mchana.

Baada ya mazishi tuliketi sebuleni, na baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, akasafisha koo.

"Haya, mwanangu. Marehemu alisema na wewe. Tupe."

Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Nilishapanga sentensi zangu, fupi, zenye neno sasisho ndani yake. Kisha nikamwona mama. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa umetulia. Kabla sijafungua kinywa, mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama kama mgeni:

"Kaka, mimi nina swali moja tu. Alinitaja?"

"Ngoja kaka yako amalize," baba mdogo alimkemea.

"Nimengoja miaka miwili, baba mdogo. Alinitaja?"

Baba angeweza kuwa amemsamehe. Angeweza kuwa amemlaani. Angeweza kuwa ameeleza tu mahali panapovuja paa. Yote hayo yalimwagika ndani ya redio.

"Alikutaja," nikasema. "Amekusamehe."

Akateleza ukutani mpaka chini, akafunika uso kwa kofia yake. Hakuna aliyemtazama; kwetu mwanamume akilia, watu huangalia vikombe. Baba mdogo alikunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Ni jambo jema. Lakini kaka yangu alikuwa mtu wa maneno. Alisema nini kingine?"

"Mengine ni yangu," nikasema.

Baba mdogo akaitikia kwa heshima, kwa kuwa mila inaruhusu hivyo. Mama naye akaitikia.