Herufi Zilizoshiba

Bibi yetu, ambaye wote tunamwita koko, aliomba jambo moja tu kuhusu jiwe la kaburi la babu: aweze kulisoma mwenyewe. Alijifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu, kwenye darasa la watu wazima kanisani Oldonyo Sambu, na mpaka leo huitaja kila herufi kwa sauti kabla ya kuiruhusu ijiunge na mwenzake. Kamati ya familia ilipokea ombi lake, ikasema amina, ikaendelea na mambo yake.

Tulikutana sebuleni kwa baba mkubwa, mtaani Sekei. Ana duka la vipuri mjini na ni mwenyekiti wa kila kitu, hata wa harusi za watu asiowajua. Alitoa simu akatuonyesha picha ya kibao cha hoteli ya watalii.

"Herufi hizi hapa," alisema. "Ndizo nazitaka kwa mzee."

Nilizijua. Nilisomea usanifu wa michoro chuo kikuu na sasa niko kwenye ofisi ya uchapaji, ambako kila wiki mtu huingia akidai aandikiwe kwa herufi hizo: mwenye saluni, mwenye kahawa ya kuwauzia wazungu, bibi harusi, nabii mwenye kanisa la mabati. Ni herufi nene zenye miguu. Nguzo zake zimenenepeshwa mpaka matundu ya ndani yamebaki nyufa, halafu mistari inayounganisha nguzo hizo imekondeshwa mpaka imekuwa uzi. Kila ncha imevalishwa kijiguu bapa, kama kiatu cha sherehe. Zilibuniwa ili zipige kelele kwenye bango: neno moja au mawili, makubwa, kwenye karatasi nzuri. Hapo sizikatai. Ukizipunguza, au ukizipeleka kwenye kitu kigumu, uzi unapotea na unabaki na safu ya magogo. Lakini mjini kwetu kitu kikinenepa huhesabiwa kuwa kimefanikiwa, na hata alfabeti haikuachwa.

"Baba mkubwa," nilisema, "koko hataweza kuzisoma hizo."

"Kwani koko ni mteja?"

Watu wakacheka. Nikawaonyesha herufi nilizochora mimi, mistari yenye unene mmoja, iliyo wazi. Shangazi aliinamia karatasi kama anayekagua mchele wenye mawe.

"Hizi ni za gunia la mbolea," alisema. "Zile zina mwili, jamani. Zimeshiba."

"Msomi wetu," baba mkubwa aliongeza, "chuo walikufundisha kuandika umaskini?"

Nikauliza kama kuna yeyote aliyejaribu kuzisoma akiwa mbali hatua chache. Nikaambiwa mambo ya kaburi hayana majaribio. Basi, mchongaji akapelekewa picha ya kibao cha hoteli, na babu, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote na hakuwahi kulala hotelini hata siku moja, akaandikwa kama mapokezi.

Siku ya kuweka jiwe, nyumbani kwa koko, kwaya iliimba, mchungaji akaomba, na baba mkubwa akavuta kitambaa cheupe kwa madaha ya mtu anayezindua barabara. Marumaru nyeupe, herufi za dhahabu. Wageni wakainua simu.

Koko alisogea karibu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akaanza. Jina la babu lilianza na N. Mashine ya mchongaji ilikuwa imechonga gogo la mshazari tu. Miti miwili ya pembeni ilikwaruzwa kidogo na dhahabu haikushika. E ilikuwa imepoteza vidole vyake vyote, na A ilisimama kwa mguu mmoja.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni N, yeyo," baba mkubwa alimwambia mama yake, huku akiitazama kamera.

"N ninaijua. Hii ni mti umeanguka." Akasogelea herufi ya pili. "Na hii ni I. Mume wangu hakuwa na I."

"Ni E, yeyo. Ndiyo mtindo."

"Mmemzika nani hapa?"

Mchungaji alikohoa. Kiongozi wa kwaya, mtu mwenye akili kuliko kamati nzima, akaanzisha wimbo mwingine.

Wageni walipokwenda kula, koko aliniita. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kopo la rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango. Alinituma nilete, na brashi nyembamba.

"Weka miti miwili," aliamuru. "Mmoja huku, mmoja huku. Sasa hii ipe vidole. Vitatu. Kimepinda, futa! Ndivyo walivyokufundisha chuo?"

Baba mkubwa alitokea na sahani ya nyama mkononi. "Mnaharibu jiwe!"

"La kwako utaandikiwa unavyopenda," koko alimjibu bila kugeuka.

Nilimaliza. Kusema kweli lilikuwa baya, dhahabu na buluu, kama basi la timu ya mpira. Koko alitaja herufi moja moja, kisha akaziunganisha, kisha akalisema jina lote kwa pumzi moja. Baba mkubwa aliuliza kama rangi hiyo inatoka kwa mafuta ya taa. Koko alikuwa ameshashuka hadi mstari wa pili, anasoma mwaka.